Duara la Kijani Zizini

Tangini, Kibaha
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Shangazi Sikudhani,

Shikamoo. Flashi nimeipata kwa Ally, umeizungushia kitambaa kama mtoto mchanga, na bado ilikuwa na vumbi la mihogo ya fuso lake. Imefunguka lakini, alhamdulillahi.

Umejitahidi, shangazi, siyo siri. Mtu aliyeniambia kompyuta ya mradi ataipangia vikombe juu, leo ananiletea jedwali lenye safu zilizonyooka! Ila kuna jambo moja. Usigawe kwa simu halafu ukaandika jibu kwa mkono. Mwachie kompyuta agawe mwenyewe. Safu ya B umeweka kaya ulizotembelea, ya C umeweka watu walioumwa na mbwa. Sasa nenda D2, uanze na alama ya sawasawa, uandike hivi: =C2/B2*100. Ukisahau ile alama ya mwanzo atadhani unapiga soga naye, hatafanya hesabu. Ukishapata jibu, shika kona ya chini ya kisanduku hicho, patatokea kijimsalaba cheusi, ukivute mpaka D5. Vitongoji vyote vinne vitajipigia hesabu vyenyewe.

Ramani nitachora mimi huku kwa sababu inahitaji mtandao, na huko kwenu mtandao mnausikia kwenye redio tu.

Usichukulie mchezo, shangazi. Alhamisi ya tarehe 17 kuna kikao ofisini kwetu Mkuza. Mradi una friji moja la chanjo ya kichaa cha mbwa, moja tu, na zahanati zinazoligombea ni mbili: ya kwenu Mtondooni na ya Kwangandu. Bosi wangu, Bwana Abdulwahab, amesema hataki maneno, anataka ramani. Penye rangi nyekundu zaidi ndipo friji linapokwenda. Mvua zikishika na mto ukajaa, wewe unajua hakuna mtu wa Mtondooni anayefika Kwangandu.

Halafu mbona mstari wa tano, Zizini, ni mtupu? Hakuna kaya, hakuna walioumwa, hakuna chochote.

Mwanao,
Kudra

*

Mtondooni, Kisarawe
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Kudra mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ndiyo hivyo tena.

Huo msalaba wako umenitoa jasho! Nimeuvuta ukanikimbilia mpaka mstari wa mia mbili na kitu, nikapiga ukelele, Mwanaasha wa jirani akaja mbio na jembe akidhani nyoka. Tumekaa wawili tunaitazama kompyuta kama tumeivunja. Baadaye nikauvuta polepole, mara Shuleni ikaleta sita, Kisimani kwetu tano, Mikoroshini saba. Nilicheka peke yangu, mama weee! Mtu mzima na umri wangu, nimeandika kitu kimoja na vingine vimejiandika.

Ila kwenye D5 amenitukana. Ameandika alama ya reli, herufi za kizungu, sifuri, na alama ya mshangao juu yake. Nimefuta, nikarudia, katukana tena.

Zizini acha kama palivyo. Wale wafugaji wana mambo yao. Mihogo yangu iliyoliwa na ng'ombe wa Mashauri mwaka juzi, mpaka leo sijasikia hata pole. Watu wa huku hatuendi kwao na wao hawaji kwetu. Mbwa wao wanawajua wenyewe.

Wewe hakikisha friji linakuja. Mtoto wa Pazi aliumwa Januari, tulimbeba kwenye kitanda mpaka mtoni, na unajua tulivyovuka. Sitaki kuona tena.

Shangazi yako,
Sikudhani

*

Tangini, Kibaha
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka habari ya jembe mpaka Rahma ninayepanga naye akaja kuuliza kuna nini.

Hilo tusi si tusi. Ni kompyuta inalalamika kwamba umemwambia agawe kwa kitu kisichokuwepo. Nimemnyamazisha. Fomula yangu sasa inasema =IFERROR(C5/B5*100,0), maana yake ukikwama, weka sifuri tuendelee. Jedwali limekaa safi, halina kelele hata moja. Bwana Abdulwahab hapendi kuona zile alama kwenye ukuta mbele ya wageni, anasema zinatuaibisha.

Na ramani imekubali! Kompyuta haivijui vijiji vyetu, ukimwandikia Mtondooni anashangaa tu, kwa hiyo nimetumia zile namba za mahali ulizochukua kwa simu ukiwa umesimama kila kitongoji. Zizini hukuchukua, nikakadiria kwa picha ya angani, mazizi yanaonekana vizuri kabisa. Kila kitongoji kina duara lake. Mikoroshini jekundu, Shuleni jekundu, Kisimani la machungwa, Zizini kijani kibichi. Angalau kuna sehemu moja hakuna shida.

Tuombe Mungu. Alhamisi saa nne.

Kudra

*

Mtondooni, Kisarawe
Jumatano, 16 Aprili 2025

Kudra,

Nani alikuambia uandike sifuri?

Barua yako Ally kaniletea jana. Nimeisoma pale pale barabarani, nimeisoma tena nyumbani, na jana usiku sikula. Nilikuambia acha kama palivyo. Palivyo ni patupu! Sikukuambia hakuna walioumwa. Mimi Zizini sijatia mguu tangu mradi uanze, nitajuaje wangapi wameumwa? Umechukua mahali nisipokwenda mimi ukapapaka kijani, na kesho watu wazima watakaa wapaangalie waseme pana heri.

Sikulaumu wewe peke yako. Ningekuambia wazi tangu mwanzo tusingefika hapa. Niliona haya. Kazi nimepewa ya vitongoji vinne, nimefanya vitatu, kwa ajili ya mihogo.

Simu huku haishiki, na najua barua hii itaondoka Ijumaa na fuso la Ally, kikao kitakuwa kimeshakwisha. Naandika tu kwa sababu nisipoandika nitapasuka. Kesho asubuhi nakwenda Zizini kwa miguu yangu. Wakinifukuza wanifukuze.

Sikudhani

*

Tangini, Kibaha
Jumatatu, 21 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata barua yako.

Kikao kimekwisha. Friji limekwenda Kwangandu.

Nilisimama mbele yao na kile kijiti cha taa nyekundu, nikaonyesha maduara, wakanipigia makofi. Bwana Abdulwahab alisema hajawahi kuona ramani safi kama ile. Kwangandu walipata wastani wa tano. Mtondooni ilipata nne na nusu. Nilisikitika lakini nikajisemea, hesabu ni hesabu.

Baada ya barua yako nimefungua jedwali tena. Sikiliza, shangazi. Wastani nilipiga kwa fomula ya AVERAGE. Hiyo ikikuta kisanduku kitupu inakiruka, haikihesabu. Lakini ikikuta sifuri inaihesabu kama namba nyingine yoyote. Nimeifuta sifuri ya Zizini kujaribu. Mtondooni ikapanda ikawa sita. Sita, shangazi! Tungewashinda. Ile sifuri yangu ndiyo iliyowanyima friji, na niliiweka ili ukuta upendeze.

Sijamwambia bosi. Nipo kwenye kipindi cha majaribio mpaka Juni, na alinisifu mbele ya wageni wote. Kwanza nataka namba zako za Zizini. Ulifika? Walikupokeaje? Ijumaa barua yako ilikuja, lakini ya kunieleza ulichokuta haikuja, na mvua inavyonyesha nina wasiwasi. Niandikie hata mistari miwili.

Kudra

*

Mtondooni, Kisarawe
Jumatano, 23 Aprili 2025

Kwa Kudra,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko mgeni. Nimejikata mkono wa kulia na panga nilipokuwa napalilia, si jambo kubwa, kwa hiyo ninayemsemesha aandike ni mama mmoja jirani.

Zizini nilifika. Walinipokea vizuri, walinipa na maziwa. Namba nitakuletea nikipona. Hiyo ramani iache ilivyo, usimwambie bosi wako kitu ukaharibu kazi. Friji kuwa Kwangandu si neno, mto ukipungua tutakwenda.

Usije huku. Njia imekatika na mimi sina shida yoyote.

Shangazi yako,
Sikudhani

*

Zizini, Mtondooni
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Dada Kudra,

Habari za kazi. Hunifahamu. Naitwa Rosalia, mke wa Mashauri, wale wa ng'ombe. Kiswahili changu cha kuandika si kizuri sana, utanisamehe, nilisoma huko kwetu kaskazini mpaka la saba.

Barua ya Jumatano mimi ndiye niliyeiandika. Alinisemesha nikaandika, na nilikuwa naandika uongo. Nimeiweka pamoja na hii ili uione. Hakujikata na panga. Aliumwa na mbwa.

Alikuja kwetu Alhamisi ile asubuhi na daftari, amevaa gauni zuri kama anakwenda harusini. Alisimama mbali akapiga hodi. Mimi nikamkaribisha. Alikuwa anatoka nyumba ya pili kwenda ya tatu, mbwa mmoja asiye wa kwetu akatokea nyuma ya zizi, anayumba, mdomo una povu, hakubweka hata kidogo. Alimshika mkono wa kulia hakumwachia mpaka mume wangu alipompiga rungu. Tumemzika huyo mbwa mbali.

Baba mkwe akataka tuchome manyoya ya mbwa tumpake kwenye kidonda, ndivyo tunavyofanya siku zote. Nilimkatalia, nami sijawahi kumkatalia mzee yule. Nilichukua sabuni ya mche na maji, nikamwosha kwa muda mrefu sana, analia, mimi namwosha tu.

Nitakuambia kwa nini. Mwaka jana mwezi wa Juni binti yangu Stellamaris aliumwa mguuni. Tulichoma manyoya, tukampaka, kikapona vizuri. Baadaye akaanza kuogopa kikombe cha maji. Kikombe tu, dada. Akiona maji anakakamaa. Watu wa Kisimani walisikia anavyolia wakasema amepandwa na mashetani ya wafugaji. Alikuwa na miaka saba. Tulimzika wenyewe, hakuja mtu kutoka upande wa pili, hata mmoja. Shangazi yako hakuja. Hayo nilimwambia siku ile ninamwosha, na ndipo alipoacha kulia.

Kwa hiyo mimi mwisho wa jambo hili naujua. Nimeuona na macho yangu. Kila siku namwambia twende ukachomwe sindano. Anasema mto umejaa, ni kweli umejaa. Nikamwambia basi nenda Kibaha kwa Kudra. Hapo anakuwa mkali. Anasema ukijua utakwenda kumwambia bosi na utafukuzwa kazi kwa ajili yake.

Leo nimemdanganya na mimi. Nimemwambia Ally kaleta salamu kwamba unamwita haraka Kibaha aje umfundishe kuiondoa ile sifuri. Alikwenda kuoga hapo hapo. Kwa sababu ya hiyo sifuri angepanda hata punda.

Anayekupa barua hii ni Ally, nimemwambia akupe kabla hajamfungulia mlango. Yumo ndani ya fuso, kiti cha mbele. Mkono ameuficha ndani ya khanga. Usimsalimie kwa muda mrefu. Mpeleke hospitali sasa hivi.

Rosalia Mashauri

*

Tangini, Kibaha
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Dada Rosalia,

Nakushukuru sana.

Nilisomea barua yako Misugusugu, pale fuso linaposimama, barabarani, Ally amesimama mbele yangu anatazama chini. Nilipofungua mlango wa fuso shangazi akaanza: "Haya, iko wapi hiyo sifuri?" Nikamshika mkono wa kushoto, nikasimamisha bajaji. Alijua. Njia nzima hakunitazama.

Amechomwa sindano ya kwanza Ijumaa ile ile, ya pili leo. Zimebaki nyingine. Daktari aliuliza nani aliyekiosha kidonda. Nikamwambia. Akasema huyo ndiye aliyetupa nafasi. Lakini nilipomwuliza, je, atapona, alisema tumechelewa siku kadhaa, tumalize sindano, tuombe. Hakusema ndiyo. Nilitaka aseme ndiyo, dada, nikakaa pale kwenye benchi namsubiri aseme, hakusema.

Kila asubuhi namletea chai. Namwangalia akiishika. Anajua kwa nini namwangalia. Juzi aliinywa yote kwa mkupuo mmoja, akageuza kikombe juu chini mbele yangu akasema, "Umeridhika?" Nikaingia chooni nikalia.

Jana aliniambia nimfungulie ramani. Hakuwa ameiona hata siku moja, maana huko haifunguki. Aliangalia maduara yote, akaweka kidole kwenye lile la kijani. Akaniuliza, hapa ndipo penyewe? Nikasema ndipo. Akasema, "Hapa ndipo alipozikwa mtoto wa Rosalia."

Leo nimemwambia Bwana Abdulwahab. Nimemwonyesha ile fomula na nilivyoiweka. Alifoka sana, ofisi nzima ilisikia, aliniuliza kama najua maana ya kuwafanya watu watie sahihi kwenye uongo. Sijui kama kazi ninayo. Ila mwishoni aliniambia kikao kitarudiwa mwezi wa Juni, nilete namba za Zizini, za kweli, zilizohesabiwa na mtu aliyefika.

Wewe uliyefika tangu zamani, dada, unaweza kuzihesabu?

Kudra

*

Zizini, Mtondooni
Ijumaa, 2 Mei 2025

Dada Kudra,

Nimefurahi anakunywa chai. Endelea kumwangalia hata akikasirika.

Nimepita nyumba zote za huku kwetu. Kaya ni ishirini. Walioumwa mwaka huu ni wanne, wote walipakwa manyoya. Watatu ni wazima mpaka leo, na wa nne ni mtoto wa shemeji, aliumwa wiki mbili zilizopita na mbwa yule yule, nami nimejua nilipopita kuhesabu. Mto umepungua kidogo, Mashauri amemvusha Jumatano mgongoni mpaka Kwangandu, amechomwa. Kwa hiyo hilo friji la sifuri yako limemfaa mtu, usijiumize kupita kiasi.

Stellamaris ni wa mwaka jana. Najua jedwali lako ni la mwaka huu. Nauliza tu, kuna mahali pa kuandika jina?

Rosalia

*

Mtondooni, Kisarawe
Jumanne, 27 Mei 2025

Kudra mwanangu,

Nimefika salama, Ally kaniendesha kama mayai. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kama unavyoona herufi zinalewa, lakini ni zangu. Sindano zimekwisha. Maji nakunywa. Leo nimekunywa kisimani kwa kata, nikiwa nimesimama, mbele ya watu, ili waache kunichungulia.

Nilipofika sikukaa. Nilikwenda kwa Mwanaasha, kwa Mama Seifu, kwa wanawake wote wa Kisimani na Mikoroshini, nikawaambia kuna msiba Zizini. Wakaniuliza wa nani? Nikawaambia wa mwaka jana, tulikuwa tumechelewa. Wapo walionuna. Mmoja akanikumbusha mihogo yangu. Nikamwambia mihogo huota.

Tulikwenda na unga, na kuni, na sukari, tukatandika mikeka uani kwa Rosalia tukakaa kama msiba wa jana. Yeye alisimama mlangoni hakujua afanye nini na mikono yake. Halafu akaja akakaa katikati yetu, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekiweka tangu Juni. Mashauri alichinja mbuzi. Jioni alikuja mwenyewe mpaka nilipokaa, akanipa pole ya mihogo. Sikujua nicheke au nilie.

Sasa kazi. Flashi hiyo hapo, nimeizungusha kitambaa, usinicheke. Nimefanya kama ulivyonifundisha pale kwako. Zizini, B5 kaya ishirini. C5 nimejaza watano. Ile IFERROR yako nimeifuta, nimeandika fomula ya mwanzo, ya kugawa tu, na safari hii hajanitukana. Imeleta ishirini na tano. Rangi itakayotoka usiipunguze makali, hata ukuta wa bosi wako ukiungua.

Upande wa kulia nimeongeza safu ya E, nimeiita Maelezo. Kwenye mstari wa Zizini nimeandika: Stellamaris Mashauri, miaka saba, alifariki Juni 2024, hakuhesabiwa. Rosalia alinitajia herufi moja moja, mimi nikabonyeza. Usiifute hiyo hata kama haiingii kwenye ramani.

Na utaniuliza, Rosalia alihesabu wanne, wa tano katoka wapi? Wa tano ni mimi. Utasema mimi ni mtu wa Kisimani. Najua. Mbwa aliniuma Zizini, na walionishika ni watu wa Zizini. Nihesabu huko.

Shangazi yako,
Sikudhani